Matuta ya Uluguru
Mpango wa serikali ya kikoloni ulioanzishwa mwaka 1950 katika milima ya Uluguru, Morogoro, ukiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, hata ukaachwa baada ya ghasia za Matombo za Julai 1955. Wito wa kuufuta uliupendeza umma. Lakini rai ipendezayo haidhihiriki kuwa ya haki ila kwa kupima gharama na faida, na hapa mizani iliinama upande wa wakulima, kwani jembe lilipochonga ngazi, udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule hafifu wa chini ukajitokeza, na mahindi yakadhoofu. Lakini kufuta matuta, ijapokuwa ni insafu, hakukuuzuia udongo wa miteremko kuteremka mtoni Ruvu.