Jazz: Neno Geni, Muziki Mwenyeji

Jioni, makarasha yanaponyamaza Mwakitolyo na vumbi la mawe ya dhahabu kutua juu ya mabati, huanza kusikika redio. Kijana aliyeshinda duarani huosha miguu huku akifuatisha wimbo uliorekodiwa kabla baba yake hajaoa. Mwulize ni muziki gani, atakujibu kwa neno moja: zilipendwa. Mwulize ni bendi gani, na huenda akakutajia jina linaloishia na Jazz: Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz. Ndugu msomaji, sisi tunaopenda lugha tuna wajibu wa kuuliza: neno hili liliingiaje nyumbani kwetu, na lilipofika lilipewa kazi gani?

Huko Marekani lilikotoka, neno lenyewe halikuwa na umbo moja tangu mwanzo. Kundi lililotoa sahani ya kwanza ya muziki huo, mwaka 1917, lilijiandika Original Dixieland Jass Band. Miaka 15 baadaye neno lilikuwa limeshafika pwani yetu, kwa kuwa Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958, na Western Jazz mwaka 1959. Kiswahili kilikuwa na uzoefu wa wageni wa namna hii. Kabla ya hapo kilikuwa kimekwisha kulichukua neno la Kiingereza la bendi, kikalifanya beni, likawa jina la ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoenea kutoka pwani hadi bara. Beni ilivaa kanzu ya Kiswahili mara moja. Jazz ilibaki na z mbili katika maandishi, ingawa mdomoni sote tunasema jazi.

Wako wanaocheka majina haya. Husema kwamba wazee wetu hawakuijua jazz, wakajipachika jina la muziki wasioupiga. Ni kweli kwamba bendi hizo hazikupiga muziki wa New Orleans. Chimbuko lao kubwa lilikuwa Kuba, kwa njia ya sahani za santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933 na kusambazwa Afrika. Humo ndimo rumba ilimosikika, na Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha deni hilo: bendi yake aliiita Cuban Marimba. Hata hivyo, kicheko hicho kinasahau kanuni moja ya lugha. Neno likihama, maana yake huwekwa na wenyeji wanaolitumia. Katika Kiswahili cha miaka hiyo, jazz ilikuwa bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta, yenye sare na ukumbi wa mjini. Wala hatukuwa peke yetu: Kinshasa ilikuwa na OK Jazz tangu mwaka 1956, na Guinea ikawa na Bembeya Jazz. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Victoria, alivuka mpaka akapiga benga nchini Kenya, na bendi yake ikaitwa Shirati Jazz.

Kwa sisi wa Shinyanga na Geita, jina la Western Jazz lina uzito wa pekee. Iddi Nhende aliyeianzisha alitoka Nzega, na neno Western lilirejelea Jimbo la Magharibi la wakati huo. Bendi ilipigia Dar es Salaam, lakini ilibeba asili yake katika jina, kama mhamiaji abebavyo jina la kijiji chake. Mtindo wao waliuita Saboso. Kila bendi ilikuwa na lake: Morogoro Jazz walikuwa na Likembe, Atomic Jazz ya Tanga walikuwa na Kiweke, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Hapa mshairi atege sikio. Jazz lilikuwa jina la ukoo, na mtindo ulikuwa jina la mtoto. La kwanza lilitoka ng'ambo, la pili mara nyingi lilichotwa kwenye ngoma za wenyeji. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, ni jina la ngoma ya Wazaramo.

Ushindani wa mitindo nao haukuletwa na gitaa. Usukumani, Bagika na Bagalu walishindana kwa ngoma vizazi vingi kabla Msondo na Sikinde hawajagawana mashabiki wa Dar es Salaam. Kila upande ulikuwa na ningi wake, yaani manju, mtunzi na mwimbaji aliyejibu tungo za wapinzani wake mbele ya umati. Mtu aliyekulia katika mashindano hayo hakuhitaji kufundishwa bendi ni nini. Aliitambua.

Je, hamkuwa na jazz yoyote ndani ya jazz hizi? Sikiliza muundo wa wimbo. Kwanza huja mashairi: beti zinazosimulia mapenzi, msiba, ulevi au safari, na kiitikio kinachorudi kama kibwagizo. Kisha huja chemko. Waimbaji hupungua, gitaa la solo hutangulia, rizimu na besi hushikilia, tarumbeta hujibu. Mpigaji aliye stadi hapo haimbi maneno ya mtu; anatunga papo kwa papo, kama malenga anayejibizana jukwaani. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, aliimba na kupiga solo kwa ufasaha ule ule. Ufasaha wa papo kwa papo ndio moyo wa jazz popote ilipo.

Lakini ufasaha huo tunaujua kwa sababu ulirekodiwa tu. Kwa miaka mingi bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na sahani zilizouzwa madukani zilitoka zaidi Nairobi. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, Muhidin Gurumo mwaka 2014. Kilichobaki cha sauti zao kiko kwenye kanda na sahani, na kanda ni kitu kinachooza: utando wake hubanduka, na ukibanduka wimbo haurudi. Hasara nyingine tunaifanya wenyewe kila siku. Tunataja bendi na kumsahau mtunzi. Hatukubali shairi lichapishwe bila jina la mshairi; kwa nini tukubali wimbo upigwe bila jina la aliyeutunga? Na vipi kuhusu tungo za ningi zisizowahi kufika mbele ya kinasa sauti? Simu iliyo mfukoni mwa mchimbaji inaweza leo kazi ambayo zamani ilidai safari ya kwenda Dar es Salaam.

Kiswahili kina kitenzi cha kale, kujazi, maana yake kulipa wema na kutunuku. Hakina undugu na neno la Marekani. Ni sadfa ya sikio tu. Hata hivyo naipenda sadfa hiyo. Wanamuziki hawa walitupa nyimbo ambazo bado zinamwondolea mtu uchovu wa duara usiku wa Mwakitolyo, na wengi wao walikufa mikono mitupu. Tuwajazi basi kwa kilicho ndani ya uwezo wetu: tuziandike beti zao, na juu ya kila utungo tuweke jina la mwenyewe.