Kunakili si Kuagiza

Tanzania neno daftari halikosi kazi. Lipo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lipo daftari la mahudhurio shuleni, na katika zahanati za Ngara na Biharamulo, wilaya za Mkoa wa Kagera, vipo vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambapo kitabu namba 5 ndicho cha wagonjwa wa nje. Basi anayetafuta jina la Kiswahili la ukurasa wa kompyuta ambamo msimbo, maelezo, majedwali na grafu hukaa pamoja asiende mbali. Ni daftari. Limegawanywa katika seli, neno tulilokwisha kulizoea kwenye Excel: unaandika msimbo ndani ya seli, unaiendesha, jibu linatokea chini yake papo hapo. Mathematica ilikuwa na madaftari ya namna hii tangu 1988. Fernando Pérez, mwanafizikia kutoka Kolombia, alianza kuunda IPython mwaka 2001, daftari lake likatoka 2011, na mwaka 2014 mradi ukachukua jina la Jupyter, lililotokana na lugha tatu za programu: Julia, Python na R.

Nasema msimbo, sisemi kodi, ingawa vijana wengi wa kompyuta hutamka hivyo. Kwenye vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga, neno kodi lina wenyewe.

Taabu huanza kwenye daftari la pili. Tuchukue mfano wa ugonjwa wa Marburg, ambao Kagera imeuona mara mbili. Mlipuko wa kwanza ulitangazwa Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba: wagonjwa 9, wanane waliothibitishwa na maabara na mmoja wa kudhaniwa, yaani mwenye ushahidi wa kutosha lakini bila kipimo. Sita walifariki, akiwemo huyo wa kudhaniwa. Wa pili ulitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari 2025, safari hii Biharamulo, na ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi: wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane wa kudhaniwa. Wote 10 walifariki.

Tuseme mtakwimu fulani aliandika daftari la Bukoba mwaka 2023. Ndani yake mna funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake, inayokokotoa asilimia ya waliofariki miongoni mwa wagonjwa waliothibitishwa. Miaka miwili baadaye anafungua daftari jipya la Biharamulo. Anafanyaje? Anafanya tunachofanya wengi: anainakili ile seli na kuibandika. Wiki haijaisha, mkubwa wake anaagiza wagonjwa wa kudhaniwa nao wahesabiwe. Anarekebisha daftari lililo mbele yake. Lile la Bukoba linabaki na hesabu ya zamani, 5 kwa 8, asilimia 62.5, badala ya 6 kwa 9, ambayo ni kama asilimia 66.7. Na hapa pana ujanja wa namba: daftari la Biharamulo haliwezi kumshtua, kwa sababu wawili kwa wawili ni asilimia 100, na kumi kwa kumi ni asilimia 100. Tofauti itajitokeza siku mtu atakapoweka milipuko yote miwili kwenye jedwali moja, na siku hiyo huenda mtakwimu wetu ameshahamishwa kituo.

Watu wa fani husema msimbo unatumika tena, na maneno hayo hayana ubaya. (Kurejeleza tuwaachie watu wa taka, walishalichukua.) Ila kutumia tena kumebeba matendo mawili yasiyofanana hata kidogo, na Kiswahili kinaweza kuyatenga. La kwanza ni kunakili: msimbo unakuwa na nakala mbili, kila moja na maisha yake. La pili ni kuuacha msimbo mahali pamoja, na kila daftari kuuita kwa jina linapouhitaji. Katika Python tendo hili la pili hufanywa kwa amri ya import, na wapo wanaoifasiri kwa neno kuingiza. Sikubaliani nao. Katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, kuingiza data ni kazi inayojulikana: kuchukua takwimu kutoka vitabu vya MTUHA na kuziandika kwenye DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika nchi nzima. Ukimwuliza mtu wa ofisi hiyo "umeshaingiza?", atafikiria ripoti ya mwezi.

Napendekeza kuagiza. Neno tunalo tayari kwa bidhaa za nje, na mfanyabiashara wa Rusumo hahitaji kamusi kulielewa: aliyeagiza mzigo hamiliki kiwanda, anachojua ni jina la bidhaa na inakotoka, na kiwanda kikirekebisha bidhaa hiyo, mzigo utakaofuata utakuja umerekebishwa. Faili linaloagizwa tuliite moduli, neno ambalo walimu na wahudumu wa afya wamekwisha kulisikia kwenye semina.

Daftari lenyewe haliagiziki kirahisi. Faili lake huishia na ipynb, na ndani yake msimbo umechanganyika na majibu, hata picha, katika muundo wa JSON. Python inatafuta faili linaloishia na py, lenye msimbo mtupu. Kwa hiyo funksheni ihamishwe: fungua faili jipya, liite marburg.py, iweke humo, lihifadhi kwenye folda moja na madaftari yako. Kisha kila daftari lianze na seli yenye mstari huu: from marburg import asilimia_ya_vifo. Mkubwa akibadili mawazo tena, pa kurekebisha ni pamoja. Faili lenyewe ni maandishi tu, dogo kuliko picha moja ya simu, na linapita kwa flashi au WhatsApp hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Kuna mtego unaowamalizia wanaoanza mchana mzima. Daftari likishaagiza moduli, huendelea kutumia ile iliyokuja mara ya kwanza. Ukilibadilisha faili na kuiendesha tena seli ya kuagiza, kwa kawaida hutaona badiliko lolote mpaka uanzishe upya kiini, ile programu inayofanya kazi nyuma ya daftari. Kuanzisha upya kiini na kuendesha seli zote kutoka juu hadi chini ni tabia njema kwa jumla, maana daftari huruhusu seli ziendeshwe kwa mpangilio wowote na mwenyewe akasahau alianzia wapi. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walitoa utafiti juu ya madaftari zaidi ya milioni moja yaliyowekwa hadharani kwenye tovuti ya GitHub. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha, takriban asilimia 24 yalifika mwisho bila hitilafu, na asilimia 4 tu yalitoa majibu yale yale ya mwandishi.

Si kila kitu kihamie kwenye moduli. Grafu ya mara moja iache ilipo. Namba za sensa, hizo zihame kabla ya chochote. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 410,794 Biharamulo, ile ya 2012 ikakuta 323,486. Ngara ilishuka kutoka 334,939 hadi 320,056. Mgeni angedhani mkoa ulipatwa na balaa. Ukweli ni kwamba Biharamulo ilimegwa ikazaliwa Wilaya ya Chato, ambayo leo ni ya Mkoa wa Geita. Na huko Ngara, kambi ya Lukole ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwepo 2002 haikuwepo tena 2012. Anayekokotoa kiwango cha ugonjwa cha Biharamulo mwaka 2012 huku akigawanya kwa namba ya 2002, kwa sababu tu ilikuja na seli aliyoinakili, anakipunguza kwa zaidi ya moja ya tano bila kuona onyo lolote kwenye skrini. Na sensa ya 2022 imeleta namba nyingine. Funksheni nzuri ya idadi ya watu inadai wilaya na mwaka, na mwaka ikiwa haiujui, inakataa kujibu.

Kwa ripoti za kila mwezi ipo njia ninayoipenda kuliko zote: daftari moja tu, lenye kigezo cha wilaya juu kabisa, linaloendeshwa mara mbili, mara ya kwanza kwa Ngara, mara ya pili kwa Biharamulo. Papermill, zana iliyotoka Netflix na inayopatikana bure, hufanya hivyo.

Utakapoipa moduli yako jina la Kiswahili, angalia kitu kimoja. Python haikubali nafasi wala kistari katika jina la kuagizwa: idadi-ya-watu.py haitaagizika, idadi_ya_watu.py itaagizika.