Isiolo: Jinsi ya kupinga ushindi wa diwani mahakamani

Kaunti ya Isiolo ina wadi 10. Asiyeridhika na ushindi wa diwani ana siku 28, tangu matokeo yatangazwe, kuwasilisha kesi katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa na Jaji Mkuu. Kwa mkazi wa Sericho au Oldonyiro, mbali na mji wa Isiolo, muda huo si mrefu.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 humtaka mlalamishi kuweka dhamana ya Sh100,000 katika siku 10. Akishindwa, kesi yaweza kutupwa kabla ya ushahidi kusikizwa. Hukumu hutolewa katika miezi sita. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria pekee.

Kesi za ugavana huanzia Mahakama Kuu, kwa dhamana ya Sh500,000.