Ganzi iliyoanzia kwenye shayiri

AstraZeneca ilipotangaza mwaka 2012 kwamba inafunga maabara zake za utafiti mjini Södertälje, Sweden, watu walihesabu ajira zinazopotea. Ni huko huko ilikokuwa kampuni ya Astra, mtangulizi wa AstraZeneca, ambayo mwaka 1948 iliingiza sokoni lignokeini, sindano ya ganzi tunayochomwa kabla ya kung'olewa jino.

Kabla yake kulikuwa na kokeini, ambayo Carl Koller aliitumia machoni mwaka 1884, kisha prokeini ya Alfred Einhorn. Ya kwanza ilileta uraibu. Ya pili ilikuwa dhaifu na kuisha upesi.

Lignokeini yenyewe ilianzia kwenye shayiri. Jijini Stockholm, miaka ya 1930, mkemia Hans von Euler-Chelpin alichunguza shayiri iliyopungukiwa rangi ya kijani, akakuta ndani yake kemikali iitwayo gramini. Holger Erdtman akajaribu kuiunda maabarani, akaambulia ndugu yake, isogramini. Akaionja! Wakemia wa enzi hizo walionja kazi zao kama mpishi anavyoonja mchuzi. Midomo na ulimi vikafa ganzi. Nils Löfgren, aliyefanya kazi naye, hakuliachia jambo hilo, na mwaka 1943 akaipata lignokeini. Mwenzake kijana, Bengt Lundqvist, mwenye miaka ishirini na ushee, akaazima kitabu cha ganzi na kuanza kujidunga dawa hiyo mwenyewe. Leo kamati ya maadili ingemfukuza siku hiyo hiyo.

Ubora wa lignokeini uko kwenye kiungo cha amidi. Prokeini ina esta, ambayo vimeng'enya vya damu huivunja haraka. Amidi hustahimili hata joto la kuulia vijidudu. Kwa kuwa lignokeini tupu haiyeyuki vizuri majini, hugeuzwa kuwa chumvi ya hidrokloridi. Ikishaingia mwilini, sehemu yake huachana na tindikali hiyo, hupenya utando wa neva, kisha huziba milango ya sodiamu, na taarifa ya maumivu haifiki ubongoni. Penye jipu tindikali ni nyingi na huzuia kuachana huko, ndiyo maana ganzi hugoma kushika. Adrenalini huongezwa ili mishipa ya damu ibane na dawa isitoroke mapema.

Lundqvist alifariki mwaka 1953, hajafikisha miaka 32. Jina lake halijulikani hata kwa wengi wanaoishika sindano hiyo kila siku, na hilo ni aibu. Xylocaine, jina la biashara la lignokeini, tangu 2016 inauzwa nje ya Marekani na Aspen, kampuni ya Durban.