Njia tuli (mtandao wa kompyuta)

Njia tuli ni maelekezo yanayoandikwa kwa mkono katika ruta ili pakiti za data ziendazo kwenye mtandao fulani zipitie lango lililotajwa. Huitwa tuli kwa sababu haibadiliki mpaka mtu aibadilishe au aifute.

Inafanana na kibao cha barabarani. Katika Wilaya ya Kyela, msafiri anayetoka Tukuyu akifika Kikusya hukuta njia ya Ipinda na Matema ikichepuka kutoka barabara kuu. Kibao humwonyesha pa kukata kona, lakini hakijui kama mvua za Aprili zimebomoa daraja huko mbele.

Matumizi nyumbani

Nyumba yenye ruta moja haihitaji njia tuli. Haja huanza zinapokuwa mbili. Kwa mfano, familia ya Kyela mjini ina ruta ya laini ya simu yenye anwani 192.168.1.1, na ruta ya pili katika duka lililo uani, inayohudumia kamera za ulinzi katika mtandao wa 192.168.2.0. Aliye sebuleni akiitafuta kamera, ruta ya kwanza haiujui mtandao huo, hivyo huzituma pakiti nje, kwa kampuni ya intaneti. Huko hupotea, maana anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa mitandao ya binafsi (waraka RFC 1918, mwaka 1996) na hazipitishwi katika intaneti ya umma.

Dawa ni kuandika mambo matatu katika mipangilio ya ruta ya kwanza: mtandao unaokusudiwa (192.168.2.0), barakoa yake (255.255.255.0) na lango, yaani anwani ya ruta ya pili kwa upande wa nyumba (192.168.1.2). Ruta ya pili haihitaji kuandikiwa njia ya kurudi, kwa kuwa imeungana moja kwa moja na mtandao wa nyumba. Ila ubadilishaji wake wa anwani (NAT) uzimwe, na ukuta wake wa ulinzi uruhusu mawasiliano hayo. Ruta nyingi ndogo za laini ya simu hazina kabisa ukurasa wa njia tuli, na ni vema kulichunguza hilo kabla ya kununua.

Udhaifu

Kosa la kawaida ni kuiacha ruta ya pili ipewe anwani kiotomatiki. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupata 192.168.1.7, huku njia ikiendelea kuelekeza 192.168.1.2. Kamera zinawaka, lakini sebuleni hazionekani. Pengine mwenye duka huligundua hilo asubuhi baada ya kuibiwa. Kwa hiyo anwani ya lango hufungwa kwanza, ndipo njia iandikwe. Amri ya tracert katika Windows huonyesha pakiti zimepita ruta zipi.

Mitandao mikubwa, kama inayotumia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaofika mpaka wa Malawi huko Kasumulu, hutegemea zaidi itifaki kama BGP, ambazo ruta hupashana habari na kutafuta njia nyingine iliyopo inapokatika ya kwanza. Hata huko, njia tuli hutumika kwa mteja mwenye mlango mmoja tu wa kutokea.