Giaboksi ya otomatiki: Pima kwanza kabla ya kuishusha

KATIKA msimu wa minada ya korosho inayoendeshwa kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha Runali, kinachounganisha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale mkoani Lindi, baadhi ya familia huelekeza sehemu ya mapato yao katika ununuzi wa gari.

Mara nyingi gari hilo huwa limekwishatumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuteremshwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Huwa ni Toyota RAV4, Subaru Forester, Nissan X-Trail au Suzuki Escudo, lenye gia za otomatiki na linalosukumwa na magurudumu yote manne, aina ambayo mitaani huitwa fowili.

Gari la namna hiyo hufaa kwa barabara za udongo na changarawe za vijijini, hasa nyakati za mvua. Hata hivyo, siku gia zinapoanza kugoma, mmiliki huweza kuambiwa maneno mawili tu: giaboksi imekufa.

Kauli hiyo ni nzito. Humlazimu kuagiza giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 500, na kulipia usafiri, ufundi na oili mpya. Mapato ya msimu mzima huweza kuishia hapo, ilhali kasoro ilikuwa ni waya uliokatika au oili iliyopungua.

Ndiyo maana uchunguzi wa giaboksi ya otomatiki hauna budi kufuata mpangilio, ukianzia kwenye mambo yasiyo na gharama na kuishia kwenye kuishusha giaboksi yenyewe.

Oili ni shahidi wa kwanza

Katika giaboksi ya otomatiki, oili haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kupitia toki konveta, ndiyo inayobana sahani za klachi ili gia ishike, na ndiyo inayoondoa joto. Ikipungua, pampu hufyonza hewa, mgandamizo hushuka na klachi huteleza.

Katika magari mengi ya Toyota na Subaru ya miaka hiyo, kipimo huchukuliwa gari likiwa mahali tambarare, giaboksi ikiwa na joto na injini ikiunguruma. Breki hukanyagwa, mkono wa gia hupitishwa katika nafasi zote kisha hurudishwa kwenye P, ndipo kijiti huchomolewa, hufutwa, hurudishwa na kusomwa. Kwa Toyota, alama ya moto kwenye kijiti hulenga oili yenye joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Kwa kuwa watengenezaji hawafanani, ni vyema kusoma kitabu cha gari husika.

Oili nzuri huwa nyekundu na yenye kupitisha mwanga. Iliyogeuka kahawia nyeusi na kunuka kuungua huonyesha kuwa klachi zimepata joto kali. Ikifanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, basi maji yameingia.

Maji hayo huweza kutoka katika rejeta, kwa kuwa magari mengi hupoza oili ya giaboksi kwa mrija uliomo ndani ya rejeta. Kadhalika, huweza kupenya kupitia kipumulio cha giaboksi gari linapovuka maji mengi. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Gari lililopita katika mafuriko ya aina hiyo linapaswa kukaguliwa oili ya giaboksi na ya difu zote bila kusubiri dalili.

Wenye Subaru wana tahadhari ya ziada. Katika giaboksi zake za zamani za gia nne, difu ya mbele imo ndani ya umbo lile lile la giaboksi lakini ina oili yake na kijiti chake. Asiyejua huweza kupima difu akidhani amepima giaboksi, au kumimina oili ya giaboksi ndani ya difu.

Aina ya oili nayo ni suala la msingi. Toyota za miaka ya 1990 hutumia zaidi oili ya kundi la Dexron, na nyingine za baadaye huhitaji T-IV au WS. X-Trail ya kwanza, iliyotoka kuanzia mwaka 2000, hutumia Nissan Matic D. Giaboksi ya mkanda, ijulikanayo kama CVT, ina oili yake maalumu na haichanganywi na hizo.

Taa na namba za hitilafu

Hatua ya pili ni kuiuliza kompyuta ya gari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, kompyuta imehifadhi kumbukumbu ya hitilafu. Fundi huunganisha ncha za TE1 na E1 katika soketi ya uchunguzi na kuhesabu mipepeso. Namba 42 na 61 huelekeza kwenye sensa za mwendo, ilhali 62 na 63 huelekeza kwenye solenoidi, yaani valvu za umeme zinazobadili gia.

Kwa Subaru, taa ya AT OIL TEMP ikipepesa mara 16 baada ya kuwasha injini, kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu. Magari yanayosomwa kwa mashine za kisasa hutoa namba kama P0700, inayoarifu tu kuwa giaboksi ina tatizo, P0730 kwa uwiano wa gia usio sahihi, au P0750 kwa solenoidi ya kwanza.

Namba ya hitilafu si hukumu. Namba ya solenoidi huweza kusababishwa na solenoidi yenyewe, waya uliotafunwa na panya, soketi iliyoota kutu au betri dhaifu. Fundi makini hupima waya kwanza.

Aidha, gari lililojifunga katika gia moja, mara nyingi ya tatu, huenda limejilinda lenyewe. Kompyuta ikipoteza taarifa za sensa huacha kubadili gia ili dereva afike gereji. Kwa mtazamo wa haraka, hali hiyo hufanana na giaboksi iliyokufa.

RAV4 zilizouzwa Marekani kati ya mwaka 2001 na 2003 ni fundisho. Nyingi zilibadili gia kwa kishindo, na lawama zikaangukia giaboksi. Baadaye ilibainika kuwa chanzo kilikuwa kompyuta ya injini, na Toyota ikaongeza muda wa dhamana ya kifaa hicho. Waliobadili giaboksi bila kugusa kompyuta waliona tatizo likirudi, na giaboksi mpya nayo ikawa hatarini.

Katika RAV4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994, upo pia waya unaounganisha pedali ya mafuta na giaboksi. Ukilegea au kukazwa kupita kiasi, gia hubadilika mapema mno au kwa kuchelewa. Marekebisho yake hayahitaji kufungua giaboksi.

Jaribio la barabarani

Baada ya hapo gari huendeshwa. Likichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika baada ya kutoka N kwenda D au R, mgandamizo wa oili huenda ni mdogo. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gia zote za mbele zikishika lakini R ikagoma, kasoro huelekea kuwa ndani ya giaboksi.

Mtetemo katika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa huweza kutoka kwenye injini au kwenye klachi ya toki konveta. Katika barabara iliyo wazi, dereva hugusa breki kidogo huku akiendelea kukanyaga mafuta. Mtetemo ukikoma papo hapo, toki konveta ndiyo ya kushukiwa. Ukiendelea, plagi za injini zikaguliwe kwanza.

Gari linapokaza kwenye kona

Magari ya magurudumu manne yana dalili yao ya pekee. Yakikata kona kali polepole kwenye sehemu ngumu, hukaza na kurukaruka kana kwamba breki imeshikiliwa.

Kabla ya kulaumu giaboksi, tairi zipimwe. Magurudumu ya mbele na nyuma yakitofautiana ukubwa, mfumo hulazimika kuteleza muda wote na kuungua. Kwa Subaru, tofauti ya mzingo wa tairi haitakiwi kuzidi takriban milimita 6. Tairi moja mpya pamoja na tatu zilizolika huweza kuvuka kiwango hicho.

Subaru nyingi za zamani za otomatiki zina pia kishikizo cha fyuzi chenye maandishi FWD katika chumba cha injini. Fyuzi ikiwekwa hapo, kompyuta huiagiza klachi ya nyuma iachie. Gari likiacha kukaza, klachi hiyo na solenoidi yake vinaitikia amri, na uchunguzi uelekezwe kwenye tairi, sensa na nyaya. Likiendelea kukaza ingawa taa ya FWD imewaka, solenoidi au klachi imekwama. Zote mbili zimo upande wa nyuma wa giaboksi na huweza kushughulikiwa bila kubadili giaboksi nzima.

Ikilazimu kubadili

Sampo ikifunguliwa, unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au vipande vyeusi vya sahani za klachi, ni ushahidi wa uharibifu wa ndani. Katika hali hiyo oili mpya haitarejesha kilicholika, na hapo ndipo huzaliwa dhana kwamba kubadili oili huua giaboksi.

Anayenunua giaboksi ya mtumba alinganishe namba iliyogongwa juu yake na ile ya zamani. Kwa Subaru, uwiano wa difu ya mbele iliyomo ndani ya giaboksi lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Ukifunga yenye uwiano wa 4.11 katika gari lenye difu ya nyuma ya 4.44, klachi ya kati itaungua kwa muda mfupi.

Hata usafirishaji wa gari bovu una masharti. Gari la magurudumu manne halivutwi kwa kuinua magurudumu mawili huku mawili yakizunguka barabarani, kwa kuwa giaboksi na klachi zake huweza kuharibika zaidi. Kutoka Ruangwa au Nachingwea hadi Masasi, Mtwara au Dar es Salaam, lipakiwe juu ya lori.

Kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, mmiliki ana haki ya kumuuliza fundi maswali manne: oili ilikuwa na kiwango na rangi gani, kompyuta ilitoa namba ipi, nyaya zilipimwa vipi, na tairi zinalingana? Fundi asiye na majibu hayo bado hajalichunguza gari.