Oksijeni haipigi hodi inapoondoka

Msikilizaji, huko Gando, wilaya ya Wete, kisiwani Pemba, wako vijana ambao riziki yao ni kuzama. Hawana mitungi ya hewa mgongoni. Vyombo vyao ni miwani ya kuzamia, chuma cha kuchomea pweza, na pumzi moja waliyoivuta juu ya maji. Na pwani hii nzima, tangu Lamu hadi Mtwara, zipo habari za mzamiaji hodari ambaye siku moja aliibuka akiwa hana fahamu, au hakuibuka kabisa. Aghalabu watu husema kuwa amechukuliwa na kitu cha baharini.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu hicho. Mara nyingi si jini, wala si papa. Ni hewa ya oksijeni na tabia yake moja mbaya: haipigi hodi inapoondoka.

Mtu akibana pumzi, baada ya muda kifua humuwaka moto na hulazimika kuvuta. Wengi wetu hudhani kuwa huo ni mwili unaolilia oksijeni. La hasha. Kinachotulazimisha kuvuta pumzi, kwa sehemu kubwa, ni kuzidi kwa hewa ya ukaa ndani ya damu. Oksijeni yenyewe yaweza kupungua hadi ubongo ukazimika kama taa iliyokwisha mafuta, na mwenyewe asihisi lolote. Ndiyo maana mzamiaji anayevuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kushuka hujitia hatarini. Huifukuza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo mlinzi wake, bila ya kujiongezea oksijeni ya maana. Na anapopanda, uzito wa maji juu yake hupungua, nguvu ya oksijeni mapafuni hushuka ghafla, naye huzimia akiwa amekaribia kabisa kufika juu.

Basi ikiwa mwenye mwili hajui, nani atajua? Historia ya sayansi inajibu kwa neno moja: nuru.

Mwaka 1864, mtaalamu wa fizikia George Gabriel Stokes, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipitisha nuru katika damu iliyochanganywa na maji. Akaiondoa oksijeni kwa dawa, akaona rangi ikibadilika. Akaitikisa ile damu katika hewa, rangi ikarudi. Mwaka huo huo Mjerumani Felix Hoppe-Seyler aliipa rangi hiyo ya damu jina tunalolitumia hadi leo, yaani hemoglobini. Tangu hapo ilijulikana kuwa damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo haziinywi nuru kwa namna moja. Lililobaki ni kuisoma nuru hiyo bila ya kumchanja mtu.

Kazi hiyo ilisukumwa na vita. Katika Vita Vikuu vya Pili, marubani walioruka juu sana walizimia angani bila ya onyo lolote, sawa na mzamiaji wetu wa Gando, ila wao walikuwa juu na yeye yuko chini. Mmarekani Glenn Millikan aliunda kifaa cha kubana sikioni, kinachopitisha nuru katika nyama ya sikio na kukadiria oksijeni ya damu. Mwaka 1942 alikiita oksimita. Lakini vifaa vya wakati ule vilikuwa na taabu. Havikuweza kutofautisha vizuri damu, nyama na ngozi, kwani vyote hivyo hunywa nuru.

Aliyekata fundo hilo ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi. Alikuwa akipima kitu kingine kwa nuru sikioni, na mapigo ya moyo yakawa yanamharibia vipimo. Badala ya kuyafukuza mapigo hayo, aliyafanya kuwa ndiyo kipimo chenyewe. Ngozi haipigi, mfupa haupigi. Kinachodunda ni damu ya mishipa inayotoka moyoni. Basi nuru inayobadilika kwa kila pigo ndiyo yenye habari za damu hiyo. Wazo hilo alilitangaza mwaka 1974. Hivi sasa kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinafanya kazi katika vyumba vya upasuaji ulimwenguni kote, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtoto mgonjwa ambaye kipimo chake kimeshuka chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Bwana Aoyagi alifariki mwezi Aprili 2020, wakati madaktari wa janga la Uviko-19 walipokuwa wakishangaa kuona wagonjwa wanaozungumza vizuri ilhali kidole kinasema oksijeni imekwisha. Oksijeni ilikuwa haijapiga hodi.

Lakini hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Vifaa hivyo vilisawazishwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Tangu mwaka 1990, madaktari wawili wa Marekani, Jubran na Tobin, walionya kuwa kwa wagonjwa weusi kipimo hukosea zaidi. Onyo hilo likalala miaka 30. Mwezi Desemba 2020, watafiti wa Michigan walilinganisha kidole na damu yenyewe. Pale kifaa kiliposema oksijeni ni kati ya asilimia 92 na 96, damu ilionyesha chini ya 88 kwa wagonjwa weupe 3.6 katika kila 100. Kwa weusi walikuwa 11.7. Maana yake ni kwamba mgonjwa mweusi aliweza kuambiwa ni mzima, naye anazama.

Na hata kama kifaa kingesema kweli tupu, kinatoa habari za damu tu. Damu ni jahazi. Kujua kuwa jahazi limejaa shehena bandarini hakukuambii kama unga umefika jikoni. Jiko la mwili liko ndani ya kila seli, katika vyumba vidogo viitwavyo mitokondria; huko ndiko oksijeni inakotumika. Je, nuru yaweza kufika huko?

Yaweza. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Hans Kautsky alionyesha kuwa zipo rangi ambazo zikimulikwa hubaki ziking'aa kidogo, na kwamba oksijeni huuzima mng'ao huo. Mwaka 1987, Jane Vanderkooi na David Wilson huko Philadelphia waliligeuza jambo hilo kuwa kipimo: oksijeni ikiwa nyingi mng'ao hufa upesi, ikiwa chache, hukawia. Na mwaka 2006 Mholanzi Egbert Mik na wenzake walionyesha kuwa si lazima kutia rangi ya kigeni. Seli zetu wenyewe hutengeneza protoporfirini, iliyo hatua moja katika kuunda rangi ya damu, na huitengeneza ndani ya mitokondria. Waliimulika kwa nuru ya kijani, wakahesabu muda wa mng'ao mwekundu kufa. Walianza na seli za maabara, wakaendelea kwa wanyama, na baadaye kwa ngozi ya binadamu.

Kwa kuwa kinachopimwa hapo ni muda, si wingi wa nuru, kwa kanuni weusi wa ngozi haupasi kukipotosha kipimo hicho. Lakini kanuni ni jambo moja, na mgonjwa wa Wete ni jambo jingine. Pemba inalijua hilo. Vidonge vya madini ya chuma, chuma kile kile kinachobeba oksijeni katika damu, vilidhaniwa kuwa heri kwa kila mtoto. Vikajaribiwa Pemba, kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi, na mwaka 2003 utoaji wake katika utafiti huo ukasimamishwa, kwani watoto waliopewa walizidi kulazwa hospitali na kufa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006, na ulimwengu ukabadili ushauri wake.

Hivyo basi, kifaa kinapoletwa, swali la kwanza lisiwe bei yake bali kimejaribiwa kwa nani. Muuguzi aitazame namba, lakini amtazame na mtoto: mbavu zinazoingia ndani, pua zinazotanuka, mtoto asiyeweza kunyonya. Na vijana wa Gando wasizame kamwe peke yao, wala wasijazane pumzi za haraka kabla ya kushuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwili wetu, katika jambo hili la oksijeni, ni mficha maradhi mkubwa.